Tahadhari: nimeuziwa hita ya "sola" inayokula umeme usiku kucha

Jamani, kabla hujamlipa mtu anayekuuzia hita ya maji ya sola, soma hapa kwanza. Mimi nimeshalizwa.

Jamaa nilimpata kwa tangazo. Picha safi, maneno matamu: tangi la lita 300, mirija 15 ya kioo ya kunasa joto la jua, dhamana ya miaka 10, "umeme utausahau". Nikatoa nusu ya hela. Wakaja mchana, jua la utosi, wakafunga kila kitu na kuanza kujaza maji. Mirija miwili ikapasuka palepale, pa! Akasema kioo kiliumia njiani, akachomoa mingine garini. Baadaye ndiyo nikaelewa: mrija mkavu uliokaa juani hupita nyuzi 200 ndani, ukiuingizia maji baridi unapasuka. Fundi anayeijua kazi hujaza alfajiri au jioni, au huifunika mirija kwanza.

Kesho yake kabla ya kukucha maji yalikuwa yanaunguza. Nikafurahi kama mtoto, nikamalizia hela yote. Hapo ndipo nilipopigwa.

Bili ya umeme mwezi ule ilipanda badala ya kushuka. Nikampigia, akanijibu mita yangu ina matatizo, na mimi nikameza. Mpaka umeme ulipokatika siku mbili mfululizo, jua linawaka kutwa, na bombani yanatoka maji ya uvuguvugu. Sola gani hii inayozimika umeme ukikatika?

Nikamwita fundi mwingine, tukapanda naye juu. Ndani ya tangi kuna koili ya umeme. Koili yenyewe si kosa, hita nyingi za sola huwa nayo kwa ajili ya siku za mawingu. Ila waya wake ulipitishwa chini ya vigae ukaungwa kwenye nyaya za taa za dari, hauna swichi yake wala kitu cha kuuzima kwa saa. Usiku kucha ulikuwa unachemsha. (Na nyaya za taa hazikuwekwa kubeba mzigo huo, namshukuru Mungu nyumba haikuungua.) Nilichonunua mimi ni birika kubwa la umeme, likapandishwa juani.

Kisha fundi akaikwangua kwa kucha ile stika ya "lita 300". Chini yake ikatokea nyingine: 150.

Na hapo ungegundua hata bila kukwangua. Mirija inayouzwa sana ni ya upana wa milimita 58 na urefu wa 1800, na mafundi huhesabu kama lita 10 za tangi kwa mrija mmoja. Mirija 15 ni lita 150, basi. Kupasha lita 300 kwa nyuzi 30 kunataka uniti 10 na ushee za nishati kwa siku. Mirija 15, jua likiwa zuri, hufikisha kama nusu yake tu. Kwa hiyo muuzaji akikutajia lita, wewe hesabu mirija.

Iangalie pia chini, kwenye ncha. Mrija usio na kasoro una rangi ya fedha hapo, inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Ukiona weupe kama maziwa, hewa imeingia katikati ya kuta zake mbili, na joto linavuja. Ile miwili aliyoichomoa garini ilikuwa myeupe pe! Alinifungia mirija mibovu iliyotolewa kwa mtu mwingine.

Ukienda kununua, beba sumaku. Chuma kisichoshika kutu cha aina ya 304, ambacho wauzaji wengi wanadai ndicho kilichotengenezewa tangi la ndani, hakivutwi na sumaku, labda kidogo tu penye maungio. Gusisha kwenye mdomo wa tangi la ndani, siyo ganda la nje. Kwangu iling'ang'ania kama kupe.

Lakini kipimo kikubwa ni hiki: usimalizie malipo mpaka umezima koili kwa swichi kuu, ukakaa siku mbili za jua, ukaoga. Akikataa, mwache aondoke na tangi lake.

Wenye mabwawa ya kuogelea, huyuhuyu alishaanza kumshawishi rafiki yangu anunue mirija ya kioo kwa ajili ya bwawa. Bwawa linataka nyuzi 28 hivi, haliendi kuchemka. Paneli nyeusi za plastiki zisizo na kioo zinatosha, mradi eneo lake lifike angalau nusu ya uso wa bwawa, pamoja na turubai la kufunika usiku, maana joto jingi hupotea kwa maji kugeuka mvuke. Yeye alimwambia vipande viwili vitatosha.

Simu yangu hapokei tena. Juzi nimeliona tangazo lake, jina jipya, namba mpya, na picha ya mbele kabisa ni paa langu. Ukiona tangi jeupe na ngazi ya mbao iliyovunjika kipago cha pili kutoka juu, ni kwangu hapo, na maji yake ni baridi.