Trela kwenye mteremko: nimevijaribu vipandio vya plastiki kule Sipi

Karibuni watazamaji wangu. Leo niko Sipi, wilaya ya Kapchorwa, na hayo maji mnayoyasikia nyuma yangu ndiyo maporomoko makubwa, yanashuka karibu mita 100. Mahali pazuri mno pa kulala na watoto, ila Mlima Elgon haukupi uwanja tambarare. Angalieni. Nailaza hii chupa ya maji kwenye sakafu ya trela, naiachia... umeona? Imeviringika mpaka ukutani. Ukilala humu hivi, damu yote inakimbilia kichwani.

Sasa hivi ndivyo nilivyonunua: vipandio viwili vya plastiki na kabari zake. Kinaanza chembamba kama kidole, kinapanda taratibu hadi sentimita 10. Unakiweka mbele ya gurudumu la upande ulio chini, gari linavuta polepole, gurudumu linapanda.

Lakini kwanza pima. Chukua pimamaji ya mita moja, ile ile ya fundi mwashi, ilaze kwa upana wa trela. Nyanyua ncha ya chini mpaka kipovu kikae katikati, kisha pima hiyo nafasi. Hapa nimepata sentimita 3. Magurudumu yangu yameachana mita 2, kwa hiyo nahitaji kupandisha sentimita 6. Ukihitaji kupandisha zaidi ya 10, usilazimishe, tafuta sehemu nyingine ya kuegesha.

Mama watoto yuko kwenye usukani, mimi nakiangalia kipovu. Njoo... njoo... taratibu mama... simama! Hapo hapo. Handibreki. Kabari moja naisukuma chini ya kipandio, upande ulionyanyuka. Nyingine mbili nazibana kwenye gurudumu la upande wa pili, mbele na nyuma.

Ndugu zangu, hapa naomba mnisikilize vizuri. Usifungue trela kutoka kwenye gari kabla ya kabari kukaa. Mwaka jana kule Bunyonyi nilifungua kwanza, nikitegemea handibreki ya trela peke yake. Likasogea kama hatua moja kuelekea ziwani, na mtoto wangu alikuwa amesimama hapo nyuma akichezea maji. Nilimvuta kwa mkono. Mpaka leo kila nikifungua trela nauliza watoto wako wapi.

Kabari zikikaa, ndipo unafungua, halafu unasawazisha mbele na nyuma kwa jeki ya mbele. Upande kwa upande ni vipandio, mbele na nyuma ni jeki, na haubadilishi mpangilio huo. Miguu ya pembeni unaishusha mwisho, iguse ardhi na kukaza kidogo tu. Kazi yake ni kuzuia trela lisitikisike. Ukinyanyulia uzito wote, inapinda.

Wenye friji ya gesi, hili linawahusu zaidi. Ndani yake amonia, kemikali inayopoza, hushuka kwa uzito wake yenyewe, trela likiinama inashindwa kurudi, friji haipoi, na ukiiacha hivyo muda mrefu inakufa kabisa.

Je, vipandio vinafaa? Kwa ardhi kavu, ndiyo, kuliko mbao, kwa sababu unasimama popote kipovu kinapotaka. Ila udongo huu mwekundu ukilowa, kipandio kinateleza kabla gurudumu halijapanda. Jana jioni baada ya mvua kilirushwa nyuma mara mbili. Nikatandika chini yake kipande cha tairi kuukuu, hiki hapa, kikashika. Kipandio kingepaswa kuja na mpira wake kutoka dukani. Na kama trela lako lina magurudumu mawili kila upande, pima kwanza nafasi kati yao, maana kipandio kirefu hakiingii mpaka ukikate.

Ngoja nirudishe chupa sakafuni. Haiendi popote. Mama watoto, weka chai jikoni.