Kitufe kinachokula fedha zako ugenini: mwongozo wa kutoa fedha nje ya nchi

Nilikuwa Deira, Dubai, mbele ya mashine ya ATM iliyopachikwa ukutani kando ya duka la vitambaa, nikihitaji dirham 1,000 za kumlipa mwenye mzigo kabla hajafunga. Mashine iliniuliza namba ya siri, ikaniuliza kiasi, kisha ikanionyesha, kwa ukarimu nilioudhania wa kweli, kwamba kiasi hicho ni sawa na shilingi 735,000 za Tanzania, na ikataka kujua kama nakubali. Niliona faraja kusemeshwa kwa fedha ya kwetu nikiwa ugenini, nikabonyeza kukubali. Siku hizo dola moja ilikuwa ikienda kwa shilingi 2,500 hivi, na dola moja ni dirham 3.6725, kwa hiyo dirham 1,000 zilistahiki kunigharimu shilingi 680,700 na kidogo. Kitufe kimoja kilinilia shilingi 54,000 na ushei, yaani karibu asilimia 8, na sikutambua mpaka niliporudi Unguja nikakaa barazani na risiti na kikokotoo.

Benki nilikwenda. Kijana wa kaunta aliitazama risiti, akanirejeshea kwa mikono miwili, akasema, "Mama, hapa umekubali mwenyewe." Alisema kweli, na ndiyo maana makala haya yameandikwa kwa hasira kidogo kuliko kawaida yangu.

Fedha za kigeni ni bidhaa: zina muuzaji, zina bei ya kununua na bei ya kuuza, na zina ujanja wa dukani. Sitazungumzia kuficha namba ya siri wala kutotembea usiku na mkoba wazi, kwa sababu hayo mtu huambiwa na mama yake kabla hajapanda boti. Wala sitatumia muda mwingi juu ya ada za benki ambazo kila mtu huziulizia, ingawa zipo. Nitaanza na lile swali la mashine, kwa sababu hata wasafiri wazoefu, wanaokwenda Dubai na Guangzhou kuchukua mizigo mara tatu kwa mwaka, nimewakuta hawalijui.

Jambo lenyewe huenda hivi. Ukiingiza kadi iliyotolewa Tanzania kwenye mashine ya nchi nyingine, mashine huzisoma namba za mwanzo za kadi, ikatambua imetoka wapi na hesabu zake hufanywa kwa fedha gani. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni mashine kuidai benki yako dirham, na kazi ya kuzigeuza dirham kuwa shilingi ikafanywa na mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, kwa kiwango chao cha siku ile, ambacho kwa kawaida hakiachani sana na bei ya jumla ya sokoni. Ya pili ni mashine kujitolea kufanya ubadilishaji yenyewe, hapo hapo, kwa kiwango alichojipangia mwenye mashine, kisha ikaidai benki yako shilingi. Njia hii ya pili ndiyo inayoletwa kwa maneno matamu: kiwango kimehakikishwa, utajua leo hii umekatwa kiasi gani, hakuna wasiwasi. Kinachohakikishwa ni faida ya mwenye mashine.

Kanuni za Visa na Mastercard zinataka mteja aonyeshwe kiwango na apewe nafasi ya kuchagua. Nafasi hiyo hutolewa, lakini hutolewa kwa namna ya kumtia mtu hofu. Kitufe cha kukubali huwa kikubwa na cha kijani; cha kukataa kimeandikwa "Decline", na mtu aliyesimama na foleni nyuma yake huamini kwamba akikigusa shughuli nzima itavunjika na kadi italala humo humo ndani. Haivunjiki. Ukikataa ubadilishaji, mashine huendelea kama kawaida na kukutolea dirham zako zile zile. Kilichokataliwa ni kiwango chake tu. Baadhi ya mashine hurudia swali mara ya pili kwa maneno mengine, mithili ya muuza tende asiyekubali kuachwa, na hapo pia jibu ni kukataa. Kanuni ni fupi: ukiwa Oman, chagua riyali, ukiwa India, chagua rupia, ukiwa Uturuki, chagua lira. Ukiona shilingi za Tanzania kwenye kioo cha mashine ya ugenini, kataa.

Bibi mmoja wa Mkoani, Pemba, aliyempeleka mumewe Chennai kwa matibabu, aliniletea risiti zake baada ya kusikia kisa changu. Mashine nyingi za India haziipi kadi ya kigeni zaidi ya rupia 10,000 kwa mara moja, kwa hiyo alitoa mara tano ndani ya siku chache, na mara zote tano alikubali, kwa kuwa alikuwa na mgonjwa wodini na hakuwa na nafasi ya kusoma maandishi madogo. Juu ya kiwango kibaya, benki yake ilimkata ada ya kutoa fedha nje ya nchi kila mara. Hilo nalo wengi hawalitarajii: kukubali shilingi hakuiondoi ada ya benki yako, kwa sababu mashine bado iko nje ya nchi.

Sasa nizipange njia, kuanzia ninayoipenda.

Ya kwanza kwangu ni kadi ya benki iliyofungwa kwenye akaunti ya dola, ikitumika kwenye mashine iliyopo tawini mwa benki, saa za kazi, huku ubadilishaji ukikataliwa. Sababu ni ya hesabu na wala si ya ufahari. Nchi tunazozisafiria sana Wazanzibari fedha zao zimefungwa kwa dola: dirham ya Imarati ni 3.6725 kwa dola tangu 1997, riyali ya Saudia ni 3.75, na riyali moja ya Oman ni dola 2.60. Ukiwa na dola kwenye akaunti, basi upande wa Dubai, Muscat na Makka bei unaijua kabla hujatoka nyumbani, na kinachobaki ni ada. Ubadilishaji wa maana, ule wa shilingi kuwa dola, unaufanya hapa hapa, kwa utulivu, siku bei inapokuridhisha, baada ya kuuliza katika maduka matatu. Mwenye mpango wa kwenda umra mwezi wa Ramadhani anaweza kuanza kununua dola kidogo kidogo tangu Rajabu.

Katika kadi, nakiri upendeleo bila kuficha: mimi ni mtu wa Visa, na kadi yangu ni TemboCard ya benki ya CRDB. Wapo watakaoniambia kwamba Mastercard ina viwango vinavyokaribiana nayo, na ni kweli. Mitandao yote miwili huweka kwenye tovuti yake kikokotoo ambacho kila mtu anaweza kukitazama kabla ya kusimama mbele ya mashine. Lakini kadi hii haijawahi kuniaibisha Muscat wala Dubai, na ujumbe wa simu hunifikia kabla sijazihesabu noti, na kwa mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka, ujumbe huo una thamani kubwa. Kwa wanaokwenda China tu ndio ningewaambia waulizie kadi ya UnionPay, mtandao wa kadi wa China.

Ipo tahadhari moja kuhusu akaunti ya dola, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Ikiwa namba za mwanzo za kadi yako zimesajiliwa kwa shilingi ilhali akaunti iliyo nyuma yake ni ya dola, ukikubali ubadilishaji wa mashine utakatwa mara mbili: dirham itageuzwa shilingi kwa bei ya mwenye mashine, kisha benki yako itaigeuza shilingi kuwa dola kwa bei yake. Umetoka na dola, umepitia shilingi bila haja, umerudi kwenye dola. Kabla ya kusafiri, muulize ofisa wa benki swali hilo kwa maneno hayo hayo, na usikubali jibu la "haina tatizo". Muulize pia ada ya kila mara unapotoa, kwa sababu ikiwa ni kiasi kisichobadilika, kutoa mara mbili kwa wingi ni nafuu kuliko kutoa mara nane kidogo kidogo. Na muulize kikomo cha siku, usije ukakijua mbele ya muuza mzigo.

Njia ya pili ni dola taslimu, noti za 100 na za 50, zilizo safi, ukazibadilishe mjini na si uwanja wa ndege. Barabara ya Ruwi kule Muscat na mitaa ya Deira imejaa maduka ya kubadilisha fedha yanayoshindana kwa mtaa mmoja, na kwa kuwa fedha zimefungwa kwa dola, pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza huwa dogo. Ningeiweka njia hii juu ya ile ya kwanza kama si hatari ya kubeba fedha nyingi mwilini, na kama si karaha ya noti zenyewe. Anayekwenda India kwa matibabu akumbuke kwamba noti za kigeni zinazozidi thamani ya dola 5,000 hutakiwa kutangazwa forodhani anapoingia.

Karaha ya noti nitaieleza, kwa sababu imenikaa rohoni. Niliwahi kununua dola katika duka moja la mjini, nisilitaje, kwa bei ya juu kama dhahabu. Safari ikaahirishwa. Wiki iliyofuata nikarudisha noti ile ile, kwa mtu yule yule, akaipeleka kwenye mwanga, akaipapasa, akasema haichukui kwa kuwa ina alama ya kalamu pembeni. Nikamwambia alama hiyo niliikuta. Akanijibu, "Dada yangu, mimi nauza tu, sinunui zenye alama." Noti za 10 na za 20 hununuliwa kwa bei ya chini kuliko za 100, kana kwamba dola 20 ya Marekani ni yatima, na za miaka ya nyuma hukataliwa kabisa, ilhali serikali ya Marekani yenyewe huzitambua noti zake zote bila kujali mwaka wa kuchapwa. Kwa hiyo zikague noti zako kwenye dirisha unapozinunua, moja moja, hata watu wa nyuma yako wakiguna.

Kadi ya akaunti ya shilingi ni ya tatu. Inafaa, mradi ukatae kile kitufe, ingawa benki nyingi huongeza asilimia yao juu ya kiwango cha mtandao. Kununua riyali au dirham hapa hapa mjini ni ya nne. Nunua za kutosha teksi na chakula cha siku ya kwanza, basi. Kwa anayevuka kwenda Mombasa, kutuma kutoka M-Pesa ya Vodacom kwenda M-Pesa ya Safaricom kunawezekana tangu 2015, na kwa kiasi kidogo hukupunguzia usumbufu. Kiwango ni chao, kitazame kabla ya kuthibitisha.

Za mwisho kabisa ni mbili. Kadi ya mkopo kutolea fedha taslimu, ambayo kwa kawaida huanza kuhesabu riba siku ile ile. Na duka la uwanja wa ndege lenye bango la "bila komisheni", ambalo komisheni yake imo ndani ya bei. Zitazame namba mbili za ubaoni, ya kununua na ya kuuza, na kadiri zinavyoachana ndivyo unavyokamuliwa.

Na tusiwaseme wa ugenini peke yao. Ndugu zetu wanaokuja likizo kutoka Uingereza hukutana na swali lile lile kwenye baadhi ya mashine za Mji Mkongwe, wakaonyeshwa pauni, wakakubali, kisha wakaja kulalamika sebuleni kwamba Zanzibar imekuwa ghali.

Mama yangu alipokwenda Muscat kumtazama mdogo wake, nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi neno "Decline" kwa herufi kubwa, nikakitia ndani ya mfuko wa kadi. Aliporudi alinionyesha risiti: riyali 100, na hakuna shilingi iliyoandikwa popote. Akaniambia kwamba mashine ilimuuliza mara mbili, na kijana aliyekuwa nyuma yake alimhimiza akubali ili amalize upesi, naye akamjibu asubiri zamu yake.