Tableti za hesabu: mtoto amepata, mashine inasema amekosa

Nimefundisha hesabu Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, miaka mingi, na hakuna kifaa cha shule kilichowahi kunikasirisha kama tableti hizi. Naandika hasira ikiwa bado haijatulia, mnivumilie nikirukaruka. Ukubwa wa kioo na muda wa betri someni kwenye boksi. Mimi nina neno kuhusu mkato tu. Ile alama ndogo tunayoiita virgili, inayokaa katikati ya 2 na 5 tunapoandika mbili na nusu.

Tableti hizi tulizipata kwa jasho la wazazi. Kamati ilichangisha kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, na wako kina mama waliotoa pesa ambayo ilikuwa ya unga. Prefe, yaani mkuu wa shule, akaenda na wajumbe wawili kwenye duka moja la katikati ya mji, wakarudi na tableti 12 zenye programu ya hesabu ndani yake, isiyohitaji intaneti, maneno yote kwa Kifaransa kwa kuwa ndiyo lugha tunayofundishia. Darasa langu la mwaka wa 8 lina watoto 61. Piga hesabu mwenyewe: watoto watano kwa tableti moja, na mmoja anayebaki anajipenyeza popote. Kuchaji ni usiku, delestaje, yaani mgao wa umeme, ikituhurumia.

Wiki za kwanza nilizisifu mpaka walimu wenzangu wakachoka kunisikia, na hilo sitalikana hata leo. Kuna sehemu ya jiometria ambapo mtoto anashika ncha ya pembetatu kwa kidole na kuivuta, na vipimo vya pembe zote tatu vinabadilika palepale, na jumla inabaki 180. Nina kijana mmoja ambaye tangu mwaka uanze sikuwa nimesikia sauti yake. Siku hiyo alivuta ile ncha kipindi kizima. Aliifanya pembetatu kuwa nyembamba kama sindano, akaipanua hadi ikakaribia kuwa mstari, akaigeuza juu chini, akitafuta mahali ambapo 180 itashindwa. Kengele ilipolia akainua kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mwalimu, iko nakatala kubadilika!" Ubaoni nimechora pembetatu maelfu na sijawahi kumfikisha mtoto hapo. Wakati ule ungeniuliza, ningekwambia uza mbuzi ununue.

Halafu tukaingia kwenye desimali.

Zoezi lilikuwa jepesi: kilo 12,5 za unga zigawanywe sawasawa kwa watu 5. Msichana mmoja anayekaa karibu na dirisha, mama yake anauza unga kwa meka, yaani kwa kopo la kupimia, sokoni, alikuwa na jibu kabla wenzake hawajamaliza kusoma swali. Aliandika 2,5 kwenye daftari, akapiga mstari chini yake kwa rula kama ninavyowafundisha, kisha akaandika 2,5 kwenye tableti. Kioo kikatoa alama nyekundu na neno Faux, yaani si sahihi.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikadhani kidole kimeteleza. Akafuta, akaandika tena polepole, 2, mkato, 5. Faux. Wenzake wanne wakaanza kumwambia andika hiki, andika kile. Akaandika 25. Faux. Akaandika 3. Faux. Akageuka kunitazama. "Mwalimu, niko nakosea wapi?" Na kabla sijafungua kinywa, akachukua kalamu na rula, akarudi kwenye daftari lake, akalikata lile jibu. Akalikata vizuri, kwa mstari ulionyooka, jibu lililo sahihi, kwa sababu mashine iliyonunuliwa kwa pesa ya mama yake ilimwambia si sahihi.

Nikaichukua tableti nikaandika 2.5 kwa nukta. Alama ya kijani. Bravo!

Ndugu zangu wa Tanzania na Kenya, ninyi mnaandika 2.5 na hamna kosa lolote. Wazambia vilevile, na watoto wangu wanaofuatana na wazazi wao Kasumbalesa wanaiona nukta kwenye bidhaa za upande wa pili. Ila sisi shuleni tunaandika mkato tangu wakati wa Wabelgiji. Kwenye kitabu ni mkato, kwenye Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ni mkato. Programu hii ilitungwa kwa ajili ya shule za Kiingereza, wakaja watu wakatafsiri maneno na kuziacha namba kama zilivyo. Walidhani namba haina lugha.

Nikaanza kuchimba, na kila nilipochimba nilikuta shimo. Swali jingine lilisema daftari moja linauzwa 1,500, madaftari manne ni bei gani. Kwao huo ni elfu moja na mia tano. Kwetu, mtoto aliyefundishwa vizuri anasoma moja na nusu. Mvulana mmoja aliniuliza, kwa moyo safi kabisa, ni duka gani linalouza daftari kwa faranga moja na nusu. Alikuwa ameandika 6. Faux. Kwenye mafungu ya namba, sisi tunaandika ]2, 5[ kuonyesha kwamba 2 na 5 zenyewe hazimo; programu inataka mabano ya duara. Yale mabano yetu haiyajui hata kidogo, na hayo wanafunzi wa juu watayakuta kila siku.

Siku chache baadaye nikapanda basi kwenda mjini, tableti kwenye mfuko, na lile daftari pia nikaliazima. Pale dukani nilimkuta kijana wa mauzo. Nikamsalimu. Akaitikia macho yakiwa kwenye simu. Nikaeleza. Nikafungua daftari nikamwonyesha mstari ule wa rula. Hakulitazama.

"Mwalimu, programu haina kosa. Wafundishe watoto wako kuandika nukta. Dunia nzima inaandika nukta."

Nikamwambia Ufaransa wanaandika mkato, Ubelgiji, Ujerumani, Urusi, Brazili, wote mkato. Nikamwambia Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, huohuo unaolinda mita na kilo, uliamua mwaka 2003 kwamba alama ya desimali ni nukta au mkato, vyote viwili halali, na kwamba makundi ya elfu yanaweza kutenganishwa kwa nafasi tupu, pasiwe na nukta wala mkato. Maana yake ile 1,500 yao haifuati hata utaratibu huo. Akaniuliza shule yangu iko wapi. Nikasema Katuba. Akatabasamu. "Mwalimu wa Katuba njo atatufundisha kompyuta?" Na wateja wawili waliokuwa pale wakacheka naye.

Sijawahi kusahau kicheko kile. Nina umri wa baba yake. Pesa iliyolipia tableti zile ilihesabiwa noti kwa noti juu ya meza ya prefe, nyingine zimekunjwa zikiwa bado na vumbi la unga.

Alinirushia jambo moja, nami nalikiri kwa sababu lilinisumbua njia nzima ya kurudi. Alisema vikokotoo vyenu vinaandika nukta, mbona hamlalamiki? Ni kweli. Mtoto anasoma 2.5 kwenye kikokotoo, anaandika 2,5 kwenye daftari, na hakuna anayeumia. Tena GeoGebra, programu ya kuchora jiometria na grafu, ambayo naitumia kwenye kompyuta yangu kuukuu na kuipenda sana, ile iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter wa Salzburg mwaka 2001 na ambayo darasani hatuilipii hata senti, nayo kwangu inadai nukta, kwa kuwa mkato inautumia kutenganisha namba mbili za mahali kwenye grafu. Sisi hapo tunaweka nukta-mkato, (2,5; 3). Basi kwa nini GeoGebra naisamehe na hizi sizisamehi?

Jibu lilinijia nikiwa bado ndani ya basi. Kikokotoo hakimpi mtoto maksi. GeoGebra haimwambii Faux. Chombo cha kukokotoa kinaweza kuzungumza kwa desturi yake, mimi mwalimu nitatafsiri. Hiki kinahukumu. Kinamhukumu mtoto wa miaka 13 mbele ya wenzake, na kabla ya kuhukumu hakikujisumbua kujua anaandika vipi.

Na dawa yake ni ndogo, hilo ndilo linalonichoma. Hili sikuambiwa na yule wa mauzo. Nilipotoka pale dukani, fundi mmoja kijana aliyekuwa chumba cha nyuma alinifuata mpaka nje. "Papa, samahani kwa maneno ya yule." Akaishika tableti kwa mikono miwili, akaifungua hapohapo kwenye baraza. Akanieleza kwamba ndani jibu limehifadhiwa kama maandishi, na programu inalinganisha herufi kwa herufi kile alichoandika mtoto na kile kilichohifadhiwa. Wangeiagiza tu igeuze mkato kuwa nukta kabla ya kulinganisha, yote yangekwisha. Mazoezi ya watengenezaji yamefungwa, hayaguswi. Lakini kuna sehemu ya mwalimu, ambapo naweza kutunga mazoezi yangu na kuyapa majibu mawili yanayokubalika, 2,5 na 2.5. Alinionyesha mara tatu mpaka nikaweza mwenyewe. Hakutaka hata pesa ya soda. Kama maksi za duka lile zingemtegemea yeye peke yake, ningewapa zote.

Kwa hiyo sasa natunga. Usiku, umeme ukiwepo, natunga maswali ya unga, ya makaa, ya basi la kutoka Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, mpaka mjini, kila swali na majibu yake mawili. Nimefika kwenye mazoezi arobaini na kitu. Watoto wanayapenda kuliko yale yaliyokuja nayo, kwa sababu bei ni bei wanazozijua. Hapo nataka kusema tableti hizi ni nzuri. Kisha nakumbuka kwamba wazazi walilipia mazoezi, na mazoezi nayatunga mimi bila malipo, na hasira inarudi palepale. Nilikuwa nimeamua kutoa nyota tatu. Natoa mbili. Ile ya pili ni ya pembetatu, na ya fundi.

Ukitaka kununua, usiulize bei kwanza. Ingia dukani, omba tableti, tafuta swali lolote la desimali, andika jibu sahihi kwa mkato mbele ya muuzaji. Ikitoka nyekundu, mrudishie mkononi. Akikuambia dunia nzima inaandika nukta, toka.

Daftari nililirudisha kesho yake. Nilisimama mbele ya darasa lote nikasema lile jibu lilikuwa sahihi na mashine ndiyo iliyokosa, kisha nikaenda dirishani nikamwambia yule msichana, "Mama, andika tena." Akaandika 2,5 chini ya lile alilolikata, akapiga mstari kwa rula. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo: "Na kwenye mtihani, Mwalimu, nani atasahihisha, mutu ao mashine?"

Nikamwambia mtu. Alinitazama kidogo kabla ya kufunga daftari.