Mafunzo ya afya ya akili kwa askari: yamenifaa sana, ila yana pengo

Nafanya kazi mapokezi ya kituo cha polisi, pale mahabusu anapopekuliwa na kuandikishwa. Mafunzo haya niliyahudhuria pamoja na askari magereza na makarani wa mahakama, na nayapendekeza bila kusita. Yanafuata mfumo ulioanzia Memphis, Marekani, mwaka 1988, baada ya polisi kumuua kwa risasi mtu mwenye ugonjwa wa akili mwaka uliotangulia. Mtaala wake ni wa saa 40.

Yaliyonifaa zaidi ni maigizo. Mkufunzi anajifanya mtu anayesikia sauti, nawe unamkabili. Azungumze askari mmoja tu, redio ipunguzwe sauti, msimame mbali kidogo, utoe agizo moja fupi kisha usubiri. Kusubiri ndiko kugumu! Tumezoea kwamba asiyetii papo hapo ni mkaidi, kumbe huenda anahangaika kuitofautisha sauti yako na zile za kichwani mwake. Tulijifunza pia kuwa mtu ambaye sukari yake ya damu imeshuka, au aliyetoka kuanguka kifafa, anaweza kuonekana mlevi kabisa. Na kwamba kumlaza mtu kifudifudi na kumkandamiza mgongoni kunaweza kumkata pumzi.

Somo ninalolitumia kila zamu ni la kumuuliza mahabusu waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Wengi tuliogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Halimpi. Saa za mwanzo za kushikiliwa ni za hatari kubwa, na saa hizo yuko mikononi mwangu. Namuuliza kwa upole, mbali na masikio ya wengine. Wapo wanaojibu ndiyo, na hao hatuwaachi peke yao.

Zoezi la kuvaa vipokea sauti vya masikioni vyenye minong'ono, ili tuonje hali ya anayesikia sauti kichwani, sikulipenda. Baadhi ya wenzangu walitoka wakiwaogopa wagonjwa kuliko walivyoingia. Mama mmoja anayeishi na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, aliyekuja kutusimulia alivyokamatwa, alitufunza mengi zaidi.

Pengo kubwa ni hili: ukishamtuliza mtu, unampeleka wapi? Memphis walikuwa na hospitali iliyokubali kumpokea. Waandaaji wetu hawakumwalika hata muuguzi mmoja. Makarani nao waliambulia kipindi kimoja cha harakaharaka, ilhali mshtakiwa aliyechanganyikiwa husimama mbele yao pia. Kabla kituo chako hakijajiandikisha, dai wahudumu wa hospitali wawemo darasani.