Laptopu ya mtumba ya kununua 2026: ya kwanza hadi ya kuachana nayo

Kuanzia Oktoba 14, 2025 kazi ya winga (dalali wa mtaani) wa Kariakoo, Dar es Salaam, imekuwa nyepesi. Siku hiyo Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta za maofisini Ulaya na Marekani zisizokubali Windows 11 zikakosa sababu ya kubaki mezani. Mashine za namna hiyo hupita mikononi mwa wakusanyaji, nyingine Dubai, kisha zinatua kwetu: safi, nyembamba, zina kibandiko cha Core i7, na bei inayokufanya ujione umewahi kabla ya wenzako. Ukivuka mpaka hadi Luthuli, Nairobi, utazikuta hizo hizo zikiitwa "ex-UK".

Orodha hii ni ya anayetaka laptopu moja ya kazi zote: chuo, ofisi, hesabu za duka, kuandika programu, sinema usiku. Sitaji bei, maana bei ya Mtaa wa Aggrey saa tatu asubuhi si ya saa kumi jioni, na uso wako nao unachangia. Nitasema tu ipi ianze kuulizwa.

Ila kwanza usome namba ya prosesa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopigwa. Tazama tarakimu zinazofuata baada ya i5 au i7. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-7300U ni cha 7, i5-8350U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Kwa Intel, Windows 11 inaanzia kizazi cha 8. Kizazi cha 7 kiliachwa nje karibu chote. Miongoni mwa chache zilizosamehewa ni i7-7820HQ, na ikatokea, sijui kwa bahati gani, kwamba ndiyo iliyokuwa ndani ya kompyuta ya Surface Studio 2 ya Microsoft wenyewe.

Hata ukiweka Windows pembeni, mstari huo una maana. Kwenye laptopu nyembamba, kizazi cha 8 ndicho Intel walichoongezea viini (cores, sehemu za prosesa zinazofanya kazi) kutoka 2 hadi 4. i7-7600U ina viini 2. i5-8250U, ambayo winga atakuambia ni "ndogo" kwa sababu ni i5, ina 4. Ukifungua vichupo ishirini vya Chrome na Excel pembeni, hutahitaji mtu wa kukueleza tofauti.

Utaonyeshwa pia mashine ya kizazi cha 6 ikiwa na Windows 11 inayowaka vizuri kabisa. Hakuna muujiza. Flashi iliyotengenezwa kwa programu ya Rufus inaruka ukaguzi wa TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa, na Windows inaingia. Itafanya kazi, lakini toleo kubwa la mwaka likitoka halitaletwa lenyewe, na utarudi kwa fundi kila mara. Wengine watakuambia Windows 10 bado ina muda. Ni kweli kiasi: kuna nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30, au bila malipo ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Muda huo utumie kuuza uliyo nayo. Usinunue nyingine kwa ajili yake.

Namba 1: Lenovo ThinkPad T480

Ilitoka 2018 na kwa bei yake sijaona ya kuishinda. Haina urembo. Ni nyeusi, nene kidogo, ina kitone chekundu katikati ya kibodi ambacho wenye nayo wengi hawakigusi maisha yao yote. Lakini ina nafasi 2 za ramu, SSD inayobadilishika kwa bisibisi ya kawaida, na kitu ambacho mrithi wake, T490, alinyimwa: betri mbili. Moja iko ndani. Nyingine inachomolewa kwa chini kwa vidole, na unaweza kuichomoa mashine ikiwa inaendelea na kazi, ukapachika iliyojaa, kwa kuwa ile ya ndani inashikilia. Ya nje ipo ya Wh 24 (Wh ni kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi), na ipo ya Wh 72 yenye nundu kwa chini. Kwa mtu anayekaa mahali umeme unapokatika mchana kutwa, nundu hiyo ni sababu tosha ya kuichagua.

Usiulize kama betri ni nzima, maana jibu unalijua. Omba mashine, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili linalotengenezwa. Utaona uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa kwa kila betri. Iliyozaliwa na mWh 24,000 ikiwa imebaki na 11,000, sema hivyo kwa sauti ya kawaida na udai punguzo linalotosha kununua betri, si la kununua soda.

Ina magonjwa yake. La kwanza ni kioo: T480 nyingi zilitoka na kile cha bei ya chini cha 1366 kwa 768, ambacho ukikitazama kwa upande rangi zinageuka. Tafuta cha 1920 kwa 1080, zipo. La pili ni tundu la chaja. T480 inachaji kwa USB-C tu, na tundu hilo limechomelewa kwenye mazabodi (bodi kuu). Likilegea, fundi wa kawaida halitengenezi kwa dakika tano. Yako mawili yanayochaji, chomeka kote kote na utikise waya taratibu huku ukitazama alama ya betri. Ukifika nayo nyumbani, cha kwanza kabisa ingiza masasisho ya Lenovo, hasa la Thunderbolt, chipu inayoendesha tundu la USB-C. Laptopu za ThinkPad za miaka ile zilikuwa na kasoro ya programu ndani ya chipu hiyo, na Lenovo walitoa marekebisho. Zilizokaa bila kusasishwa ndizo zinazopoteza tundu.

Ukiletewa T480s, fahamu kuwa ni mashine nyingine. Ni nyembamba na inapendeza zaidi, ila haina betri ya kuchomoa, na sehemu ya ramu yake imechomelewa.

Namba 2: HP EliteBook 840 G5 au G6

Hii ndiyo nampendekezea anayekutana na wateja. Bodi ya alumini, spika nzuri, na inachaji kwa tundu la duara au kwa USB-C, kwa hiyo moja likifa hujakwama. Nafasi za ramu ni 2 hapa pia. Kosa la kukwepa ni kununua "EliteBook 840" bila kuuliza herufi ya mwisho: G3 ni kizazi cha 6, G4 ni cha 7, na duka likikosa G5 litakupa G4 kwa tabasamu. Kioo nacho ukiwashe kwenye mwanga. Baadhi zina Sure View, teknolojia ya kumzuia jirani asisome skrini yako, na matokeo yake ni kwamba hata wewe mwenyewe ukikaa vibaya huoni vizuri.

Kilichoiweka chini ya T480 ni kufuli. Si HP peke yake, mashine yoyote ya kampuni inaweza kuwa nalo, ila kwa HP nenosiri la BIOS (mipangilio inayowaka kabla ya Windows) ni gumu kweli: kuchomoa ile betri ndogo ya saa hakulifuti. Kabla ya kutoa hela, zima, washa huku ukigonga F10 (kwa ThinkPad ni F1, kwa Dell ni F2). Ikikuomba nenosiri na muuzaji hana, irudishe juu ya meza.

Kufuli la pili limejificha zaidi. Kampuni nyingi husajili kompyuta zao kwa Microsoft, na usajili huo haufutiki kwa kufuta diski. Mwambie muuzaji airudishe Windows mwanzo mbele yako, na uiunganishe na intaneti ya simu yako, si aruke hatua hiyo. Ikikukaribisha kwa jina la benki ya Uholanzi na kutaka barua pepe ya kazini, bado ni ya wenyewe. Fundi anaweza kuiwasha bila intaneti na ukaondoka nayo ukiwa na furaha. Siku utakapoiweka Windows upya, benki itarudi. Muuzaji anayekataa jaribio hili kwa sababu "litachukua muda" amekwishakujibu.

Namba 3: Dell Latitude 7490

Imara, mara nyingi kizazi cha 8, ramu nafasi 2, sina mengi ya kuilalamikia. Inadai chaja ya Dell. Ukiipa ya bandia isiyoitambua kwenye tundu la duara, inaweza kukataa kuchaji na kupunguza kasi ya prosesa, nawe ukadhani umeuziwa bovu. Iweke juu ya meza iliyonyooka: ikiyumba, au padi ya kipanya ikiwa imeinuka, betri imevimba. Chunguza na kibodi. Zinazotoka Ujerumani zina Z mahali pa Y, na kubandika stika hakuzoeshi vidole.

Neno kuhusu ramu kabla hatujaendelea. Zamani ushauri ulikuwa nunua yenye GB 8 utaongeza baadaye. Siku hizi sivyo. Vituo vya data vya akili bandia vinanunua chipu za kumbukumbu kwa wingi na bei ilianza kupaa kuelekea mwisho wa 2025. Desemba ya mwaka huo Micron walitangaza kuachana na Crucial, jina ambalo mafundi wengi wamekuwa wakiliamini kwa ramu za kuongezea. Chukua iliyo na GB 16 tayari, na uhesabu ramu mara ya mwisho inapoingia kwenye mfuko, kwa kuwa kuna mchezo wa mashine kujaribiwa na 16 na kufungwa na 8.

Namba 4, na kwa wachache namba 1: MacBook Air M1

Ilitoka Novemba 2020, haina feni, na betri yake hukaa na chaji muda mrefu. Anayehariri video au picha asisumbuke na T480. Lakini ramu na diski zimechomelewa, ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Anayefanya hesabu kwa programu ya TallyPrime ajue kuwa ni ya Windows tu. Ukaguzi wa kufuli ni ule ule, na ni mkali zaidi: ifutwe, iunganishwe na intaneti, ifike hadi kwenye skrini kuu bila kuomba akaunti ya mtu au ya kampuni.

Mac za Intel ziache, hata zikiwa nzuri kama siku ya harusi. Apple walisema Juni 2025 kwamba toleo la macOS Tahoe ni la mwisho kwa Mac hizo, na nyingi zinazouzwa mitaani hata hiyo Tahoe haziifikii. Air ya 2017 iliishia kwenye toleo la zamani la Monterey.

Namba 5: kizazi cha 6 au 7, kwa Linux

T470 au EliteBook 840 G3 kwa bei ya kutupa ni nunuzi zuri kwa mwanafunzi wa kompyuta. Weka Linux Mint 22, mfumo wa bure wa kuchukua nafasi ya Windows; ina masasisho hadi 2029. Mzazi anayetaka Word ya ofisini kwake asiletewe hii kama zawadi.

Namba 6: Chromebook

Kwa mtoto wa shule mwenye intaneti ya uhakika, sawa. Google waliahidi mwaka 2023 kuzisasisha Chromebook kwa miaka 10, ila miaka hiyo huhesabiwa tangu modeli ilipotoka, si tangu ulipoinunua, kwa hiyo fungua mipangilio uione tarehe yake ya mwisho. Na nyingi za shule za Marekani bado zimefungwa kwa usajili wa shule hizo.

Ya kuachana nayo: mpya ya Celeron

Hii inauma kwa sababu ina boksi, nailoni na dhamana. Ndani kuna Celeron N4020 yenye viini 2, ramu GB 4 na hifadhi ya eMMC (aina ya bei ya chini kuliko SSD) ya GB 64. Windows 11 inaikubali rasmi, hivyo kanuni yangu ya vizazi haiikamati. Tazama tu masharti ya Microsoft: kima cha chini ni ramu GB 4 na hifadhi GB 64. Yaani imetoka kiwandani ikiwa imegusa sakafu, na ukipokea masasisho machache na picha za WhatsApp, diski imejaa. Kama mwajiri au mfadhili anadai kitu kipya chenye risiti ya EFD (mashine ya kodi), mwombe akubali mtumba wa duka linalotoa EFD hiyo hiyo na dhamana ya miezi michache. Yapo, na 7490 huwa hazikosekani humo.