Nilidhani CD imekwaruzwa: singo ya "Creep" niliyoikuta ndani ya redio ya mtumba

Habari zenu jamani, karibuni tena. Mniwie radhi kwa hili koti, ni Julai na hapa ni Mbeya. Mlima Loleza wote umemezwa na ukungu, nami nikiongea natoa moshi kama lori linalopanda Igawilo.

Leo nina CD moja tu. Haina kava wala boksi. Nilinunua redio ya mtumba pale Mwanjelwa, shilingi 35,000, kufika nyumbani nafungua mdomo wa CD nipulize vumbi, nakuta kuna mgeni ndani. Ngoja niisogeze kwenye kamera. Mnaona? Bendi ya Radiohead, wimbo "Creep". Nyimbo nne: "Creep", "Lurgee", "Inside My Head" na "Million Dollar Question". Kwa hizo nne, hii ni singo ya mwaka 1992.

Nikaiweka. Gitaa linaanza taratibu, jamaa anaimba kinyonge, kama mtu anayeomba radhi kabla hajakosea. Dakika moja haijatimia vizuri nasikia: krrk-krrk! Kidogo tena: krrk-krrk! Halafu kiitikio kikalipuka, spika zikatetemeka na mbwa wa jirani akaitikia.

Nikasema nimepigwa. Nikaifuta CD kwa fulana, nikapaka dawa ya mswaki kama tulivyofundishwa mtaani, wapi. Krrk-krrk palepale. Kesho yake nikambebea mzee aliyeniuzia redio yake. Akasikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akaniambia, "Mwanangu, mkwaruzo gani huu unaosubiri zamu yake? Hapa kuna mtu anapiga kitu." Ndaga fijo, yaani asante sana, mzee wangu, maana alikuwa sahihi.

Anayepiga ni Jonny Greenwood, kijana wa miaka 20 wakati ule. Wimbo wenyewe alikuwa hauupendi, aliuona mpole mno, basi akalichapa gitaa kwa nguvu ili auharibu. Mwenzake kwenye bendi, Ed O'Brien, alishalisema hilo waziwazi: ule ni mlio wa Jonny akijaribu kuuvuruga wimbo. Bahati nzuri alishindwa. Mzunguko wa gitaa ni uleule toka mwanzo mpaka mwisho, beti na kiitikio, haubadiliki. Ukitoa ile krrk, ni wimbo mzuri wa kusinzia nao kwenye basi la Tunduma.

Na hata kurekodiwa kwenyewe kulikuwa kwa kubahatisha. Vijana hawa watano wa Oxfordshire, Uingereza, walikuwa studio na maprodyuza wawili Wamarekani, Sean Slade na Paul Kolderie. Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa "Inside My Head" na "Lurgee", na haikuwa inakwenda. Kolderie akaona vijana wamepoa, akawaambia wapige ule mwingine, wachangamke kidogo. Wakaupiga mara moja tu, na chumba kizima kikapiga makofi. Kichekesho ni kwamba maprodyuza walikuwa wanadhani wimbo ni wa mtu mwingine, kwa sababu Thom Yorke, mwimbaji na mtunzi wake, alikuwa ameuita "wimbo wetu wa Scott Walker", na Scott Walker ni mwimbaji mwingine kabisa. Mpaka bendi ilipowahakikishia kuwa ni wao ndipo Kolderie akawapigia simu wenye lebo.

Sikilizeni na piano huku mwishoni. Kolderie aliisahau wakati wa kumiksi, akaja kuiingiza wimbo unakaribia kuisha. Bendi wakasikia, wakasema iache hivyohivyo. Mimi kila ikiingia nasimama.

Sasa, singo ilipotoka Septemba 1992 Uingereza hawakuitaka. Iliishia nafasi ya 78, redio ya BBC ikaona inahuzunisha kupita kiasi. Ikaenda kuwaka Israeli kwanza, kisha Marekani, ndipo ikatolewa upya nyumbani mwaka 1993 na kufika nafasi ya 7. Lakini mafanikio hayakuja peke yake: waliotunga "The Air That I Breathe", Albert Hammond na Mike Hazlewood, walisikia wimbo wao humo ndani, na leo majina yao yamo kwenye orodha ya watunzi. Mimi hiyo naiona haki. Sikilizeni zote mbili mfululizo, mtanielewa.

Nyimbo nyingine? "Million Dollar Question" inakimbia, nzuri ukiwa unafua. "Inside My Head", ile iliyokuwa mezani studio, mimi nimeisikiliza mara tatu na sijatoka na kitu, kelele tu. Aliyeiweka nyuma ya "Creep" alifanya la maana.

Kwa sauti, hii CD ina zaidi ya miaka 30 na besi bado imeshiba, hata kwenye redio ya 35,000. Ukiikuta mahali usiulize mara mbili. Mimi naipa nane kwa kumi. Moja nimekata kwa ajili ya kava. Nyingine ni kwa sababu "Lurgee" inaruka katikati, na hiyo nimerudi kumwonyesha mzee. Kaigeuza CD kwenye mwanga, kaiangalia, kaniambia, "Huu sasa ndio mkwaruzo."