Miaka miwili nyuma ya kioo cha dhahabu Deira

Kila mwezi haupiti bila mtu kuniuliza: "Dada, kazi ya duka la dhahabu Dubai vipi, inalipa?" Naandika hapa mara moja, yaishe.

Nilifanya kazi Deira, eneo la Dubai, jirani na Soko la Dhahabu, kwenye tawi la kampuni yenye maduka mengi ya vito. Jina naliacha. Watu wanadhani kazi ni kupendeza na kuwavalisha wateja mikufu. Kuuza ni sehemu ndogo tu. Kazi yenyewe ni kuhesabu. Asubuhi trei zinatoka kwenye sefu, zinahesabiwa, zinapimwa, ndipo zinapangwa dirishani. Usiku unarudia yote. Sare haina mfuko, simu inafungiwa kabatini, na ukitoka unakaguliwa.

Usiku mmoja trei ya hereni za watoto ilipungua gramu 0.1. Saa nne hiyo, miguu inawaka moto, maana kukaa mbele ya mteja ni marufuku na zamu yetu ilikatwa katikati: asubuhi hadi saa saba, unarudi saa kumi hadi kufunga. Watu wazima sita tulipiga magoti na tochi, tukakung'uta hadi mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi. Saa sita kasoro kibano cha hereni kikaonekana kimejibanza kwenye mshono wa kitambaa cha trei yenyewe. Hakuna aliyecheka. Kabla ya hapo pete ilishawahi kupotea mazima, na sote tulikatwa mshahara kwa kiasi sawa, hadi mwenzetu aliyekuwa mapumziko siku hiyo.

Kamisheni nayo unaipata tawi likifikisha tageti, yaani kiwango cha mauzo kilichopangwa. Wakati wa Dhanteras, siku ambayo Wahindu huona ni heri kununua dhahabu, duka lilifurika tukavuka tageti kwa mbali. Tukashangilia. Mwezi uliofuata tageti ikapandishwa kwa kipimo cha sikukuu, kana kwamba kila siku ni Dhanteras.

Mteja nisiyemsahau ni bibi mmoja kutoka Muscat. Alinisikia nikiguna kwa Kiswahili.

"Mtoto wa wapi weye?"

"Shikamoo bibi. Wa Tanga."

"Marahaba. Basi nipe bei ya Kitanga."

Alitaka bangili sita za karati 21, zile zenye muhuri wa 875, yaani sehemu 875 kati ya 1,000 ni dhahabu tupu. Gramu hakuzitaka hata kuzisikia. "Tola ngapi?" Mizani ikasoma gramu 70, naye kabla sijashika kikokotoo akasema, "Sita." Kweli, tola moja ni gramu 11.66. Kisha akaninong'oneza mbele ya meneja asiyejua Kiswahili: "Bei ya ubaoni haina maneno. Maneno yako kwenye ufundi." Akakaa nusu saa anakunywa kahawa yetu na kukata gharama ya ufundi, yaani malipo ya kutengeneza kito, mpaka meneja akasalimu amri.

Ndiyo siri yote kwa mnaokwenda kununua. Bei ya gramu ipo ubaoni na hubadilika siku hiyohiyo. Ufundi ndio kila duka linajipangia, kisha juu ya jumla yote kuna VAT ya asilimia 5, iliyoanza 2018. Kito kikiwa na mawe, uliza uzito wa dhahabu peke yake, usije ukalipia kioo kwa bei ya dhahabu. Na ukirudi kuuza, ufundi hesabu umekwenda na maji. Sisi tulikuwa hatuyasemi haya mpaka tuulizwe.

Nyota? Naipa mbili na nusu. Kitanda cha kampuni kilikuwa safi na mshahara haukuwahi kuchelewa, hilo nisiwanyime. Wenzangu Wafilipino na Wahindi walinifundisha kutofautisha 750 (karati 18) na 916 (karati 22) kwa rangi tu, bila kugeuza kitu kutafuta muhuri.

Kama bado unataka kwenda, usimlipe wakala. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi gharama za kuajiriwa, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Mimi nililijua hilo nikiwa nimeshauza ng'ombe wawili wa mama, na mshahara wangu wa miezi mitano ya kwanza ulikwenda kuwarudisha.